Matairi ya Shemeji

Fundi wa matairi mwenye kibanda mkabala na kituo cha mafuta hakuwa na mazoea ya kuamini macho yake. Tairi likiletwa kwake, hata liwe linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, alilisimamisha, akalizungusha taratibu, na kulibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, hatua kwa hatua, kama daktari anayetafuta panapouma. Ndiyo maana watu wakamwita Gumba, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Alifanya kazi peke yake. Wakimtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, alijibu kuwa cha kwake hakina habari na chawa, kinatafuta mauti.

Na hilo la mauti halikuwa mzaha mtupu. Miaka tisa nyuma, dereva wa lori alimletea tairi la mtumba akitaka afungiwe upesi. Gumba alilibonyeza, kidole kikakataa. Dereva akabembeleza, akaapa, akaangalia saa, na Gumba akafunga. Tairi lilipasuka siku hiyo hiyo kwenye mteremko, lori likalala ubavu. Dereva alipona, lakini mguu wake wa kushoto haukuwa tena mguu wa kukimbilia. Hakuwahi kumlaumu Gumba hata siku moja, na hilo ndilo lililomkwama fundi kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo, kidole kikikataa kimekataa. Mteja na aende kwingine, na safari njema.

Basi Jumanne moja asubuhi shemeji yake aliingia kibandani akiwa bado na kifimbo chake cha kuelekezea alama za barabarani.

Shemeji huyo, mke wa kaka yake mkubwa, alikuwa mwalimu wa udereva, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akiendeshwa na watu wasiojua kuendesha. Mwendo ulikuwa wa konokono, moyo ukienda mbio. Lakini kila baada ya miezi mitatu, Jumapili, alikwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambako chama cha madereva kiliandaa mbio za mita mia nne. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, atakayetangulia kufika mwisho ndiye mshindi. Alikimbiza gari lake mwenyewe, saluni nyeupe ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo injini yake aliifumua na kuijenga upya kwa mikono yake kwa muda wa mwaka mzima. Siku za kazi gari hilo hilo lilimpeleka sokoni.

"Mle ndani," aliwahi kumwambia Gumba, "ndimo mahali pekee duniani ambapo anayeshika usukani ninamwamini."

Mbio zilizopita zilikuwa zimemtia aibu. Taa ilipowaka, matairi yake ya nyuma yalizunguka pale pale, yakafuka moshi kama kuni mbichi, na mpinzani wake, muuza nyama waliyemwita Bucha, alikuwa ameshakwenda zake. Waliporudi, Bucha alimpa mkono mbele ya watu na kusema, "Pole, Mwalimu. Leo umeyafundisha matairi kucheza."

Sasa Mwalimu aliegemea mlango wa kibanda. "Shemeji, nataka vipara."

Gumba aliangua kicheko. "Makubwa haya! Watu wanakuja hapa niwavue vipara, wewe unakuja kuvaa?"

"Vipara vya mashindano. Vipya. Mpira laini, hauna mstari hata mmoja, unang'ang'ania lami kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Bucha anatumia hivyo hivyo."

"Na likikutokea la kutokea?"

"Litatokea tu, nikibaki na haya niliyonayo, maana nitazeeka pale kwenye mstari." Hakuwa akicheka. "Utanitafutia, au niende kwa mwingine?"

Gumba aliwajua hao wengine. Wangemfungia hata maboga, mradi yawe ya mviringo. "Nitakutafutia," alisema. "Lakini nitayajaribu mimi kwanza. Ijumaa, uwanjani."

"Tumekubaliana, shemeji."

Kesho yake, saa nne asubuhi, alikuja kaka mtu. Huyu alikuwa fundi cherehani, na alikuja na futi ya kitambaa shingoni kama alivyotoka nayo mezani. Gumba alipomwona tu alijua, kwa sababu kaka yake hakuwa mtu wa kuacha nguo ya mteja nusu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea Gumba, akamshika mkono mpaka kwa fundi wake wa kwanza. Gumba alimpa kigoda. Hakukikalia.

"Mke wangu alikuja hapa."

"Alikuja, kaka."

"Simkatazi. Nilimwoa ana leseni, sikumwoa ili niwe breki yake." Alisema hivyo bila tabasamu. "Lakini unajua siendi kutazama mbio zile. Hata nikibaki nyumbani nakata nguo za watu kombo."

"Kaka, mimi..."

"Ngoja nimalize, mdogo wangu. Injini siijui. Gia sizijui. Ninachojua, kinachomshika asiruke huko ni hivyo vya chini, na vya chini unafunga wewe. Basi utakachomfungia yeye, umenifungia mimi." Alitazama vidole vya mdogo wake, vyeusi kwa vumbi la mpira, kisha akageuka na kuondoka bila kuaga.

Gumba alikaa mwenyewe kwenye kile kigoda. Kompresa ilikuwa ikinguruma, mtungi ukijaa, na hakuisikia mpaka ilipojizima yenyewe.

Alhamisi alimwendea rafiki yake muuza vifaa vya mashindano, akaazima jozi mbili kwa ahadi ya kurudisha moja. Jozi ya kwanza ilikuwa vipara vyenyewe. Aliposukuma kidole, ubavu uliingia ndani kama shavu la mtoto. Mwili wake ulikuwa umefumwa kwa nyuzi za nailoni zilizopishana, ndiyo maana ulikuwa mlegevu hivyo. Gari likisukuma, tairi linakunjamana, linatandaza unyayo wake chini na kushika. Jozi ya pili ilikuwa na mistari michache, kama chale mbili tatu usoni. Mpira wake ulikuwa laini vilevile, lakini ndani ulijengwa kwa waya, kama matairi ya kawaida. Alisoma tarakimu nne zilizogandishwa ubavuni, zile zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zote zilikuwa za mwaka ule ule. Akabonyeza jozi zote mbili, mzunguko mzima, mara mbili. Kidole hakikukataa hata moja.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Kidole chake kilijua uzee, ufa, uvimbe na uongo wa muuzaji. Mwendo wa kilomita mia na sitini kwa saa kilikuwa hakiujui.

Ijumaa asubuhi uwanja ulikuwa mtupu, majani yameota kwenye nyufa za kando, katikati lami imefagiwa. Mkaguzi wa chama, mzee mwenye filimbi na kifaa cha kupimia muda, aliwaruhusu kufanya mazoezi. Kwanza Mwalimu alikimbia na matairi yake ya kila siku, ili wajue wanaanzia wapi. Yalipiga kelele na kuteleza. Sekunde kumi na nne na nukta mbili.

Gumba akainua gari kwa jeki, akafunga vipara, akavitia upepo kumi na nne tu, kama alivyoelekezwa na rafiki yake. Mwalimu alimwaga maji kidogo chini, akayazungusha magurudumu ya nyuma juu yake mpaka yakafuka moshi, maana mpira wa namna ile ukiwa baridi haushiki. Kisha akasogea mstarini.

Filimbi ikalia. Gari halikuteleza hata kidogo. Pua iliinuka, mkia ukakaa chini, na saluni ile ya kwenda sokoni ikaruka kama iliyopigwa teke. Gumba alijikuta amepiga yowe la furaha. Halafu yowe likamfia mdomoni. Kule mbele, mita mia tatu hivi, mkia wa gari ulikuwa umeanza kutembea, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama ng'ombe anayefukuza inzi.

Mwalimu aliporudi, midomo yake ilikuwa imepauka, lakini macho yanawaka.

"Ngapi?"

"Kumi na tatu na nukta moja," alisema mkaguzi.

"Bucha mara ya mwisho?"

"Kumi na tatu na nukta mbili."

Mwalimu alipiga usukani kwa kiganja. "Umeona, shemeji? Umeona?"

"Nimeona mkia."

"Unacheza kidogo. Nitauzoea."

Gumba aliinamia gurudumu. Aliongeza upepo mpaka kumi na nane, akamwambia arudie. Safari hii mkia ulitulia kidogo, ila kutoka alipokuwa amesimama hakuweza kujua ni kidogo cha namna gani. Alibonyeza tairi likiwa moto. Lilimnata kidoleni, halikumwambia kitu. Akasimama pale, futi ya kaka yake ikimjia akilini, na mguu wa yule dereva wa lori.

"Nipe kofia ngumu," alimwambia mkaguzi. "Nakaa ndani."

Mwalimu alimkazia macho. "Wewe? Wewe ambaye pikipiki yako inapitwa na baiskeli?"

"Mimi huyo huyo."

Alifunga mkanda mara mbili kuhakikisha. Maisha yake yote Gumba hakuwahi kupita kilomita themanini kwa saa, na hata hizo themanini alizipata kwa bahati mbaya, kwenye mteremko. Filimbi ilipolia, kichwa chake kilichapwa nyuma, pumzi ikabaki pale mstarini. Lami ikawa utepe. Gia ya pili, ya tatu. Alitaka kufumba macho, akajikumbusha kwamba hakuja kutazama. Akayaacha yajifumbe, akaweka viganja vyake kitini, pembeni ya mapaja, akasikiliza kwa makalio.

Mara akasikia. Mbele gari lilitaka kunyooka, nyuma lilitaka kuteleza ubavu, likarudi, likataka tena. Ilikuwa kama watu wawili wanaobeba kabati, kila mmoja na mwendo wake. Mara ya tatu lilikwenda mbali zaidi kuliko mara ya pili. Alifumbua macho akaona mikono ya Mwalimu: ilikuwa imeshika usukani kwa namna ile wanafunzi wake walivyoushika siku ya kwanza.

Waliposimama, Gumba alifungua mlango, akashuka, akakaa chini kwenye lami yenye joto.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Vipara havifungwi. Mbele una matairi ya waya, nyuma una ya nyuzi. Mwendo ukiwa mkubwa hayaelewani. Bucha ana ya nyuzi pande zote. Ya mbele ya namna hiyo kuyaagiza ni wiki tatu."

"Mbio ni keshokutwa!"

"Najua."

"Shemeji, nimekimbia mara tatu, nimefika mara tatu."

"Umefika. Ila mara hii ya tatu gari ndilo lililokufikisha, si wewe. Mikono yako nimeiona."

Mwalimu alishuka, akazunguka gari, akasimama mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Gumba angependa zaidi kama angepiga kelele. "Umetumwa na kaka yako."

"Kaka alikuja. Hakunituma."

"Miaka kumi na tano nakanyaga breki kwa ajili ya watu wengine. Sasa hata wewe umeniwekea mguu juu ya breki."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Mkaguzi alijifanya kusoma karatasi zake. Gumba alinyanyuka, akajipangusa. "Shemeji, hasira yako naikubali. Nipe nafasi ya haya mengine. Ukiona hayafai, vipara nitavitoa na kukukabidhi, utafunga kwa unayemtaka. Lakini mkono wangu hautavifunga."

Mwalimu alimpa mgongo. Alikaa kwenye kivuli cha gari akanywa maji, naye Gumba akafunga matairi ya waya.

Kwa upepo thelathini yaliteleza. Kwa ishirini na sita yalishika nusu. Kwa ishirini na mbili gari liliondoka vizuri, na Gumba akawa anapunguza pumzi moja moja, anapima, anabonyeza, anaandika kwa chaki kwenye lami. Kwenye ishirini kamili ubavu ulikunjamana jinsi alivyotaka. Safari ya mwisho alikaa ndani tena bila kuambiwa. Kuondoka kulikuwa kwa nguvu, ingawa si kama teke la vipara. Lakini kule mwisho, mahali ambapo mkia ulikuwa ukitembea, hakusikia kitu ila injini na upepo. Akamtazama Mwalimu. Vidole vyake vilikuwa vimelegea usukanini.

"Kumi na tatu na nukta nne," mkaguzi alisema.

Hesabu ile haikuhitaji mwalimu. Mwalimu alivua kofia, akajifuta jasho kwa leso. "Nitatumia haya," alisema hatimaye. "Nimeusikia ule mkia hata mimi, sitakudanganya. Lakini nikishindwa Jumapili, shemeji, usinipe pole. Pole yako sitaipokea."

Jumapili jua liliwaka tangu mapema. Watu walijaa pande zote mbili za uwanja, miavuli juu, watoto mabegani. Gumba hakutazama watu. Kazi yake ilikuwa moja: jua lilikuwa likipasha lami, lami inapasha matairi, na upepo ndani unapanda wenyewe. Kila nusu saa alipima. Ishirini na moja, akapunguza. Ishirini na moja na nusu; akapunguza. Mwalimu alikaa ndani ya gari, milango wazi, na tangu asubuhi alikuwa amemwambia maneno mawili tu, "shikilia" na "ufunguo".

Raundi ya kwanza alimshinda dereva wa teksi kwa urefu wa magari mawili. Ya pili alimshinda kijana wa benki ambaye gari lake lilizimika katikati. Fainali ikawa yeye na Bucha. Gumba aliinama kupima kwa mara ya mwisho, na alipoinuka alimwona kaka yake.

Alikuwa amesimama kwenye kamba, karibu kabisa na mstari wa kuanzia, shati lake la kutokea limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakupunga mkono. Walitazamana. Gumba akaelekeza kidole kwenye gurudumu, kama vile kusema, hilo ndilo nililofunga. Kaka yake akainamisha kichwa mara moja, na haikujulikana kama amekubali au ameona tu.

Magari yalisogea. Bucha alizungusha vipara vyake, moshi ukafunika nusu ya watu. Mwalimu akazungusha yake kwa muda aliofundishwa na zoezi la Ijumaa, si zaidi. Kisha watu wakanyamaza, injini mbili zikinguruma kwa kubanwa. Taa ya njano. Gumba alishika mkanda wake wa suruali kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia asianguke.

Kijani.

Waliondoka pamoja. Hakuna tairi lililoteleza. Bucha alitangulia kwa pua ya gari, halafu kwa mlango mzima, kisha Mwalimu akaanza kumrudia, sentimita kwa sentimita, gia ya tatu, ya nne, na Gumba akajisikia akisema, "Nyooka, nyooka, nyooka," na gari likanyooka kama uzi wa mwashi wenye risasi mwishoni. Walipita mstari wa mwisho karibu kwa pamoja. Karibu.

"Bucha!" kipaza sauti kilitangaza. "Kumi na tatu na nukta mbili. Mwalimu, kumi na tatu na nukta tatu!"

Uwanja ulilipuka. Gumba alibaki na kipimo cha upepo mkononi. Nukta moja. Aliijua mahali ilipokuwa: ilikuwa kwenye vile vipara viwili, vilivyoegemea ukuta wa kibanda chake.

Mwalimu alirudi polepole, dirisha wazi, akasimamisha gari mahali walipoweka jeki. Alishuka. Alikuwa ameloa jasho. Gumba alijishughulisha na jeki. Alikuwa ameambiwa asitoe pole.

"Vipara vingeshinda," alisema Mwalimu.

"Huenda."

"Huenda," alikubali. Alitazama kule mwisho wa uwanja ambako hewa ilikuwa ikitetemeka kwa joto. "Au huenda ningekuwa kwenye yale majani saa hizi. Sijui, shemeji. Na wewe hujui."

"Sijui."

"Ndiyo hasira yangu yote. Kwamba hatutajua." Akapumua kwa nguvu. "Haya, inua gari. Tunarudi nyumbani na ya kila siku, haya tusiyamalize barabarani."

Gumba aliweka jeki. Aliposhika spana ya magurudumu, mkono mwingine uliishika pia. Kaka yake alikuwa amevuka kamba, amekunja mikono ya shati lake la kutokea, akapiga goti vumbini bila kuangalia suruali.

"Inafunguka upande gani?"

"Kushoto, kaka."

Wakafungua pamoja, nati baada ya nati. Gurudumu la pili lilipotoka, fundi cherehani aliinuka, akamgeukia mke wake, na kwa mara ya kwanza tangu afike akazungumza naye.

"Nimekutazama unavyoondoka."

"Wewe? Si hutazami?"

"Leo nimetazama. Gari likiruka, unateleza kitini. Unarudi nyuma hivi, halafu unajivuta kwa usukani. Gia ya pili unaichelewa kwa sababu mkono bado umejishikilia." Aliingiza kichwa ndani ya gari, akabonyeza godoro la kiti, akavuta kitambaa chake kwa vidole viwili kwa dharau. "Nani aliyeshona uchafu huu? Kitambaa kinateleza kama sabuni, mabega hayana kitu cha kuyashika."

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama Gumba, ambaye aliinamia nati kuficha uso.

"Kwa hiyo?"

Mumewe alikuwa ameshatoa futi mfukoni. Aliitandaza kwenye mgongo wa kiti, akapima, akatafuta kwa macho kitu cha kuandikia.

"Kwa hiyo kesho humfundishi mtu," alisema. "Kesho unaniletea kiti."